Ubani Wangu Ulikuwa Karatasi za Kalenda

Mhariri mheshimiwa wa ukurasa huu, pamoja nanyi wasomaji, wake kwa waume, nawasalimu kwa heshima na taadhima. Walio wadogo kwangu nazipokea shikamoo zenu kwa marahaba. Walionizidi umri, nawaamkia mimi. Naomba radhi kwa kuchelewa. Nilikusudia kuandika tangu juma la mazishi, lakini kila nilipoishika kalamu, aibu ilinishinda. Naomba pia jina langu na la kijiji changu yafichwe. Itoshe kusema naishi upande wa Msambweni.

Mimi ni mgane wa miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu, niliyesomeshwa na wamisionari. Mke wangu alipofariki ndipo nilipotambua kwamba sikujua bei ya unga. Pensheni ilikuwa ikiingia, na kabla ya mwezi kufika katikati nilikuwa nakopa sukari. Mwenye duka, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, alifikia hatua ya kuniona kwa mbali akajifanya anazungumza kwa simu.

Aliyeniokoa ni binti yangu wa mwisho. Alirudi nyumbani kunitunza, akaniletea utaratibu aliofunzwa katika chama cha akina mama. Pensheni ikitoka, tuliketi mezani tukaigawa katika bahasha za kaki: unga, maji, umeme, dawa, sadaka na ubani. Kila bahasha aliiandika jina lake kwa mwandiko mzuri, akaifunga kwa gundi ili nisije nikadokoa. "Baba, ya dawa isinunue samaki," alikuwa akiniambia, nami nikicheka. Ile ya ubani, yaani fedha za rambirambi, haikufunguliwa ovyo. Aliiongezea kila mwezi kisha akaifunga upya, ikingoja siku ya msiba. Huku kwetu mtu haendi matangani mikono mitupu, awe Mwislamu awe Mkristo.

Kwa utaratibu huo nililipa madeni yangu yote. Nilipita mbele ya lile duka nikiwa nimeinua kichwa. Hata kanisani nilisimama nikamsifu binti yangu, na watu wakampigia makofi.

Kisha akafariki jirani na rafiki yangu, ambaye nitamwita Mzee Bakari. Mke wangu alipofariki, yeye, Mwislamu, ndiye aliyesimamia uchimbaji wa kaburi, akakataa hata maji ya kunywa mpaka kazi ilipokwisha. Basi nilivaa koti, nikachukua bahasha ya ubani kama ilivyokuwa, nikaikabidhi pale mkekani kwa mikono miwili. Mpwa wa marehemu ndiye aliyekuwa akipokea. Kila bahasha aliifungua mbele ya watu, akaandika, akatangaza. Aliichana yangu. Vikaanguka vipande vya kalenda ya kanisa letu, vimekatwa sawasawa kwa kipimo cha noti.

Yule mpwa akakiinua kipande kimoja.

"Mwalimu, hii ni Januari. Hela ziko mwezi gani?"

Wengine wakacheka, jamani, matangani! Mmoja huko nyuma akasema, "Mwacheni, katuletea ratiba ya ibada, tukabatizwe kwao." Nilisema, "Niwieni radhi," nikaenda kutafuta viatu vyangu.

Jioni ile mjane akanirudishia bahasha pamoja na ujumbe: "Mwambieni Mwalimu, kama hakuwa na kitu angekuja hivyo hivyo. Tungemkaribisha. Lakini kutufanyia mzaha?"

Nilimkuta binti yangu jikoni akikuna nazi. Nilipomwuliza hakukana, wala hakuacha kukuna. Alisema alikuwa ameahidiwa kazi ya jikoni katika hoteli moja ya Diani, wakamtaka awe na cheti cha afya na viatu maalumu. Akachukua kidogo kidogo, akidhani atarudisha kwa mshahara wa kwanza.

"Sikujua Mzee Bakari atakufa, baba."

"Na kwa nini hukuniomba?"

Hapo ndipo alipoacha kukuna. "Ningekuomba kutoka bahasha gani? Nyumba hii mpaka maiti ana bahasha yake. Yangu mimi ilikuwa ipi?"

Lakini wapendwa, alizikata zile karatasi. Aliketi na mkasi, akapima. Na kila mwezi aliniwekea bahasha ile mkononi akisema, "Ya ubani inanona, baba," nami nikaipima uzito kwa kiganja nikamshukuru. Huo ndio uchungu wangu. Fedha ningemsamehe kabla hajamaliza kusema.

Sasa arobaini ya Mzee Bakari ni juma lijalo, na wote waliocheka watakuwapo. Nimekwisha kuweka kando fedha za kupeleka, ingawa najua matanga yamekwisha anuliwa na ubani uliochelewa si ubani tena. Nataka kusimama niseme ukweli, ili mjane yule ajue sikumdhihaki mumewe. Binti yangu ananisihi: "Sema ulikosea bahasha. Wewe ni mzee, baba, watakusamehe. Mimi nikiitwa mwizi nitaajiriwa na nani? Nitaolewa na nani?" Nikisema uongo, nitaudanganya msiba wa mtu aliyemzika mke wangu. Nikisema kweli, nitamwacha mwanangu na jina hilo katika kijiji atakachoishi baada yangu. Nawasihi mlio na busara mnishike mkono: je, nisimame, au ninyamaze?

Simu yangu ni ndogo, haiwezi maneno marefu. Waraka huu nimeuandika kwa mkono, na atakayeuchapa na kuuleta kwenu ni yeye binti yangu. Nitamkabidhi kesho baada ya chai. Ikiwa mnausoma, basi ameuleta.