Aliyemchanganyia Hollis Hewa

Zamani, mzamiaji wa mapango ya maji ya kaskazini mwa Florida alimjua kwa sura na kwa tabia mtu aliyemchanganyia hewa. Siku hizi anajua kitufe tu.

Verlon Strickland alichanganya kwa mkono miaka thelathini na moja. Heliamu kwanza, kisha oksijeni, mwisho hewa ya kawaida. Valvu aliifungua polepole, kama anayemlisha mtoto uji, maana mtungi ukijazwa kwa pupa hupata joto, na mtungi wenye joto ni mwongo: mshale wa shinikizo hupanda, ukipoa hushuka, nawe umeshakosea hesabu. Kwa hiyo aliweka kiganja juu ya chuma, akangoja. Wenye haraka aliwaambia waende kuogelea kwenye beseni.

Miongoni mwa wote aliowachanganyia, aliyempenda ni Hollis Pruitt. Hollis na mkewe Renata walikuwa wakisukuma kamba yao ya kuonyesha njia ndani ya mwamba, mwaka hadi mwaka, wakitafuta mahali ambapo chemchemi mbili zinakutana chini ya ardhi. Kwa miaka kumi na tisa Hollis hakuvuta pumzi ya mtu mwingine huko chini, na Verlon aliitembeza habari hiyo mjini kama babu anavyotembeza picha ya mjukuu. Siku kamba itakapofika upande wa pili, itakuwa imefika kwa hewa yake.

Kisha Tamsin Ochs, msichana wa miaka ishirini na saba, akafungua duka ng'ambo ya barabara. Alikuwa na ubao wa taa unaofungua na kufunga valvu wenyewe huku yeye akinywa kahawa. Verlon alimtazama dirishani akacheka. Siku alipoliona gari la kijani la Hollis limeegeshwa pale, hakucheka. Chakula chake kilipoa mezani, na usingizi ukamkimbia kama unavyomkimbia mwanamume aliyeona viatu vya mgeni mlangoni kwake.

Jumamosi aliwakuta kwenye meza za mbao kando ya chemchemi, mitungi imepangwa, Tamsin naye yupo.

"Kumbe! Umeoa mke wa pili hukuniambia," Verlon alisema.

Wazamiaji waliokuwa karibu wakacheka. Hollis akajikuna shingo. "Mzee, mitungi minane kwa siku mbili. Wewe ungeimaliza Pasaka."

"Pasaka ungekuwa hai."

"Shemeji, usianze," Renata alisema.

Lakini alikuwa ameshaanza. Desturi ya pale ni kwamba kila mzamiaji hupima mtungi wake mwenyewe, akaandika namba kwenye utepe na kutia saini. Mtungi wa Hollis wa kupandia, ule anaovuta akirudi juu kidogo kidogo, uliandikwa oksijeni hamsini kwa mia. Verlon akatoa kipimo chake mfukoni, akakiunga. Namba zikapanda, zikasimama kwenye arobaini na tatu.

Alifurahi. Mungu amsamehe, alifurahi kama aliyeshinda kesi.

"Arobaini na tatu!" akapaza sauti watu wote wasikie. "Njooni muone kazi ya mashine! Binti, ulikuwa unajaza mtungi au kikombe?"

Tamsin alipima kwa kipimo chake: hamsini. Hollis akapima kwa chake: hamsini.

"Vyote viwili vimelewa," Verlon alisema. "Changu kinasoma hewa ya kawaida ishirini na moja kamili. Tazama."

"Hewa ya kawaida kila kipimo kinasoma, mzee wangu," Tamsin alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomchoma. "Kile kidonge cha ndani kinachonusa oksijeni kikizeeka, kwenye namba za chini kinasema kweli, ila za juu hakizifiki. Kipe oksijeni tupu."

Verlon akakipa. Kilipaswa kufika mia. Kilifika sitini na moja, kikakaa hapo.

"Hicho kidonge umekibadilisha lini?" Hollis aliuliza.

Verlon hakuwa amekibadilisha kwa miaka mitano. Alisema siku zote kwamba wanatengeneza vitu vife upesi ili watu wanunue tena.

Renata alikuwa amekaa. "Mtungi wangu wa mwezi uliopita," alisema, "tuliupimia dukani kwako. Kwa hicho hicho."

Hapo Verlon alikumbuka. Mshale wa ubao wake wa kujazia ulimwambia oksijeni inatosha, kipimo kikamwambia bado, naye akaongeza mpaka kikasoma hamsini, kumbe ndani imeshazidi. Renata akaandika hamsini, akatia saini, kwa sababu alimwamini. Na kule chini, kwenye kituo cha kwanza cha kupandia, mdomo wake ulianza kucheza wenyewe. Hollis alimnyang'anya kipumulio cha mdomoni, akampa chake. Waliporudi walisema ni uchovu. Oksijeni ikizidi kwenye kina humtia mtu kifafa, na mwenye kifafa ndani ya maji hazungumzi tena.

"Shemeji," Verlon alisema.

"Niliandika mwenyewe kwenye utepe," Renata alisema. "Saini ni yangu. Yaishe."

Afadhali angemtukana.

Jumatatu walikuja na gari kuchukua mitungi yao iliyokuwa imebaki dukani kwake. Hollis aliibeba mmoja mmoja bila haraka, akampa Verlon mkono, akaushika kwa muda mrefu. "Alhamisi tunaingia," alisema. "Safari hii tutatokea."

"Mtatokea," Verlon alisema.

Na kweli walitokea upande wa pili. Alisikia kwa watu, nao mwezi uliofuata wakahamia Meksiko kwenye mapango mengine. Yeye alichokiona Jumatatu ile ni gari la kijani likitoka uwanjani kwake, lisishike barabara kuu, likavuka tu na kusimama ng'ambo. Tamsin akatoka kuwapokea. Alisema neno, na Renata akacheka, kichwa nyuma, mkono begani mwa yule msichana. Neno lenyewe halikufika dirishani. Kisha wote watatu wakaingia ndani, na Verlon hakuwaona tena.