Kiswahili ya Pwani

Mwanzoni mwa miaka ya themanini alitokea pale kwetu Karatu bwana mmoja aliyejiita wakala. Kazi yake, alisema, ni kuzitafutia shule za kimataifa walimu. Alifikia nyumba ya wageni, suti ya Kaunda imenyooka kana kwamba haijawahi kukaliwa, na sisi walimu wa vijiji vya Mbulumbulu na Endamarariek tukamfuata na vyeti vyetu kama wagonjwa wanaomfuata mganga. Mimi nilimdharau tangu aliponipa mkono bila kuinuka.

Lakini nilikuwa na shida. Mume wangu alikuwa karani Arusha, mimi nafundisha Mbulumbulu, na kila nikiomba uhamisho afisa elimu pale Mbulu ananiambia nivumilie. Shule aliyoitaja wakala ilikuwa Arusha, nayo ilitaka mwalimu wa Kiswahili kwa watoto wa Wazungu. Somo langu hasa.

Akanipa gazeti nisome aya moja. Nikasoma. Akakunja uso.

"Mwalimu, una lafudhi ya Kimbulu," akasema. "Hii shule inataka Kiswahili ya pwani."

"Cha pwani," nikamsahihisha.

Wenzangu wakaguna. Yeye hakujua hata amesahihishwa nini. Alikaa Ulaya kidogo, basi ngeli zikamtoka zote, akabaki na kiburi na kalamu mbili mfukoni. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kunipima mimi. Sijui yeye alipimwa na nani.

"Ila nafasi ya yaya ipo," akasema kwa huruma. "Chekechea. Utawaosha watoto, utawalaza mchana. Huko hakuna kuongea sana."

Nikazoa vyeti vyangu mezani, nikamwambia kazi hiyo ampe mkewe. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, lakini kichwa juu. Sijawahi kujiona mwalimu kama siku ile.

Mwisho wa mwezi mume wangu akaja. Nikamsimulia yote, hata sauti ya yule bwana nikaiigiza, nikitegemea tucheke pamoja. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Mama watoto," akasema, "kwani yaya naye si angekaa Arusha?"

Nikajikuta namtazama kwa jicho lile lile nililomtazamia wakala. Mwaka uliofuata afisa elimu aliponiuliza kama bado nataka uhamisho, nilimwambia hapana, nimeshazoea.