Baba Mdogo Akaukaza Mkanda

Harufu ya mkanda wa mpira ulioungua haina mfano katika majira ya baridi. Inakaa kooni siku nzima, kali kama kitunguu kilichosahauliwa kikaangoni. Januari iliyopita niliinusa nikitoka kazini Eden Prairie, hapa Marekani. Kwenye maegesho, bwana mmoja mwenye koti la kifahari alikuwa akijaribu kupandisha pikipiki yake ya theluji kwenye trela, ile yenye ski mbili mbele na mnyororo mpana wa mpira nyuma. Injini ililia, moshi ukatoka chini ya boneti, naye akazidi kuikamua mafuta huku akiitukana. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Watu wa aina yake nawajua, maana nililelewa na mmoja wao.

Baba Mdogo Mwadime, mdogo wake baba, aliishi nasi Coon Rapids, katika chumba cha chini ya nyumba. Kabla ya kuja Marekani alikuwa ameendesha kinu cha kusaga unga pale Voi kwa miaka miwili. Kutoka katika miaka hiyo miwili alijichotea ubingwa wa kila kitu kinachozunguka duniani. Gari likigoma, yeye ndiye daktari. Mashine ya kufulia ikitoa mlio, anainamisha kichwa, anasikiliza, anatoa hukumu, na kesho yake Mama anaita fundi. Mama, Mkisii asiyependa maneno mengi, alikuwa akisema debe tupu haliachi kuvuma, na alilisema akiwa anasugua sufuria ili ionekane anazungumzia vyombo.

Mwezi wa Novemba wa mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, Baba Mdogo alirudi nyumbani na pikipiki ya theluji kuukuu, ya rangi ya njano iliyochujuka. Ililia kama nguruwe na kwenda kama gari la maiti. Jumamosi, wanaume wa ushirika wetu wa ibada ya Kiswahili walikusanyika gereji kuitibu. Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea chai, nami nilikuwa na daftari mfukoni, kwa sababu hata wakati huo nilipenda kuandika nani kasema nini. Mmoja alisema ni plagi. Wa pili alisema ni petroli ya nchi hii, haina nguvu. Wa tatu, anayefanya kazi za kompyuta, alishauri izimwe na kuwashwa upya. Walikunywa mabirika mawili ya chai. Hakuna aliyetoa mkono mfukoni isipokuwa kuchukua andazi.

Nilipouliza kwa nini injini inazunguka sana na mashine haiendi, Baba Mdogo alicheka na wenzake kwanza, kisha akanigeukia mimi.

“Wakesho, ukiifanya hii kitu itembee, wewe ndiye utai-drive siku ya ziwa. Utawavuta watoto wote wa kanisa. Hawa ni mashahidi.”

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Siku ya ziwa ilikuwa sikukuu ya kanisa la Wamarekani waliotuazima jengo. Kila Februari walitualika kwenye barafu ya ziwa lililoganda, na kila Februari watu wetu walisimama ufukweni wamejikunja kama kuku wa mvua, wakisubiri iishe. Kumwona mmoja wetu akipita juu ya barafu ile ameketi wima, tena mtoto wa kike, ndilo jambo nililolitaka kuliko Krismasi. Shuleni nilikwisha kuhudhuria mafunzo ya usalama wa mashine hizo na cheti nilikuwa nacho. Kilichobaki ni mashine.

Nilikwenda kwa jirani. Darlene alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya sigara, aliyewahi kushindana kwa mashine hizo na aliyewadharau wanadamu wote kwa usawa: wanasiasa, wachungaji, mbwa wadogo na waume zake wawili. Kiswahili hakujua hata neno moja, kwa hiyo maneno yake nayatafsiri. Aliinua boneti, akatazama kwa muda wa kupiga chafya, akaniuliza nani alikuwa akiitengeneza. Nikamwambia ni Baba Mdogo, aliyewahi kuendesha kinu. Akasema kinu ni kinu, na hii si kinu.

Yeye ndiye aliyenifundisha klachi. Niliyafuata mafunzo yake kwa mpangilio na mpaka leo naweza kuyarudia. Kuna puli mbili na mkanda mmoja. Puli ya mbele imefungwa kwenye injini, na nyuso zake mbili huachana injini inapozunguka polepole, ili mkanda ukae baina yake umelegea, usivute kitu. Ukiongeza mafuta, vyuma vidogo vya uzito vilivyomo ndani hurushwa nje, vikaishinda nguvu springi na kusukuma uso mmoja uubane mkanda. Mkanda ukibanwa hupanda. Kwa kuwa haurefuki, upande wa nyuma lazima ushuke, basi puli ya nyuma nayo hujifungua kidogo kidogo. Ndivyo mashine inavyobadilisha gia bila gia. Vyuma vikiwa vyepesi mno, injini italia bure. Vikiwa vizito mno, itakabwa. Springi ya mbele huamua mkanda ushikwe lini. Springi ya nyuma huamua uachiwe haraka kiasi gani.

Yetu ilikuwa na springi iliyochoka, mkanda uliong'aa kama kiatu cha bwana harusi, na vyuma vilivyolika upande mmoja. Nilivipima kwa mizani ya Mama ya unga wa mahamri, nikaandika kila kimoja. Darlene alileta vingine kutoka kwenye mikebe yake. Tulisugua nyuso za puli kwa maji ya sabuni, maana mafuta hayatakiwi hapo kabisa. Kisha alinifundisha kuchora mstari kwa kalamu ya wino mzito juu ya uso wa puli. Unaendesha uani mpaka kwenye uzio na kurudi, unafungua, unatazama mkanda umefuta mstari mpaka wapi. Hapo ndipo mkanda ulipofika. Hakuna kubishana wala birika la chai.

“Badilisha kitu kimoja,” aliniambia mara nyingi. “Ukibadilisha viwili hutajua kipi kinakudanganya.”

Nilibadilisha kimoja kimoja kwa wiki sita, na vidole vyangu vikapasuka kwa baridi. La mwisho alilonionyesha lilikuwa kipimo cha ulegevu. Mashine ikiwa imezimwa, mgongo wa mkanda uwe sawa na ukingo wa puli ya nyuma, ukizidi uzidi kwa unene wa sarafu moja. Ukipanda zaidi umekaza, na uliokaza hauachii. Mashine itatambaa hata ukiondoa kidole kwenye wenzo wa mafuta.

Mwisho wa Januari mashine ilikwenda kama inavyopaswa. Ilinyanyuka taratibu, ikashika, ikaondoka bila kilio. Sikumshukuru Mungu. Niliwafikiria wale wanaume na mikono yao mfukoni, nikajisikia mrefu.

Asubuhi ya siku ya ziwa nilimkuta Baba Mdogo gereji ameshika spana, boneti iko wazi. Alinionyesha mkanda kwa kuubonyeza kwa dole gumba. Haukubonyea hata kidogo.

“Huu ulikuwa mkanda ama mshipi wa suruali?” aliuliza. “Pale Voi mkanda ukilegea vile, akina mama wamepanga foleni mpaka barabarani wanakutukana. Nimekusaidia, nimeukaza.”

Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba ataiendesha yeye. Watu wanaleta kamera, alisema, na mchungaji wa Wamarekani atakuwepo. Haifai waone tumemwachia mtoto. Mimi nikae na mama yangu, nigawe vikombe.

Niliinama nikatazama puli ya nyuma. Mgongo wa mkanda ulikuwa umechomoza juu ya ukingo kama ulimi wa mbuzi, sarafu nne kwa uchache. Nilijua hasa kitakachotokea. Nikanyoosha mgongo, nikafunga boneti, nikaenda kubeba vikombe.

Ziwani alivaa miwani ya jua. Nyuma ya mashine alifunga kwa kamba kigari cha plastiki cha kuteleza, na aliyetangulia kupanda alikuwa mdogo wangu Mwakio, wa miaka mitano, amefungwa skafu mpaka puani. Mzunguko wa kwanza ulipendeza na watu wakapiga makofi. Baba Mdogo aligeuza kuelekea kwetu, akaondoa kidole kwenye mafuta na kuinua mkono kama rais. Mashine haikusimama. Ilikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, taratibu na kwa ukaidi, nayo breki iko chini ya kiganja chake cha kushoto na kitufe chekundu cha kuzima kiko mbele ya macho yake.

“Simama!” aliiamuru. “We, simama, nimesema!”

Alikuwa akikiambia chuma. Nilikuwa hatua chache kutoka pale, na nakiri kwamba nilifurahi. Niliacha apite mbele ya watu wote. Aliingia kwenye meza ya chai. Ikapinduka na birika na mahamri, mashine ikakwama kwa ghafula kwenye miguu ya chuma. Kigari cha nyuma hakina breki. Kiliteleza kikampeleka Mwakio uso mbele kwenye bamba la nyuma la mashine.

Alipoteza meno mawili ya mbele, ya utotoni, na mdomo wake wa juu ukashonwa nyuzi tano katika hospitali ambako Mama alifanya kazi. Kovu analo. Nilikaa naye nyuma ya gari, skafu yake imelowa damu mikononi mwangu, nikiwaza kwa utaratibu wangu wote kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema kule gereji, na ziwani kabla hajawasha, na alipopanda mtoto.

Jumapili iliyofuata nilikwenda ibadani nikiwa tayari kumsikia Baba Mdogo akilaumu baridi, ama kiwanda, ama mimi, maana kila mtu alijua kwamba klachi ile niliifunga mimi. Alisimama wakati wa matangazo. Hakuwa na miwani.

“Mkanda niliukaza mimi,” alisema. “Huyu binti aliufunga sawa. Mimi nilijifanya najua.”

Akaketi. Ni sentensi tatu tu. Sijawahi kumsikia akisema chache hivyo tena. Alirudia majigambo yake kabla ya Pasaka, na mpaka leo anatibu mashine za watu wasio na hatia, nami mpaka leo simpi hata balbu abadilishe.

Lakini asubuhi ile watu waligeuka kunitazama. Wanaume wa chai walitikisa vichwa kwa heshima. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kushikana mikono hadharani, alichukua mkono wangu wenye vidole vilivyopasuka akauweka mapajani mwake. Niliinamisha kichwa. Walidhani ni haya ya mtoto aliyesifiwa, na kwa miaka mingi hata mimi nilijaribu kudhani hivyo. Mjinga wa familia alikuwa ameeleza kila alichokijua. Mimi niliendelea kuinama mpaka wimbo ulipoanza, kisha nikasimama na kuimba.