Kichwa cha Mgebuka

Kabla hajawa mkwe wetu rasmi, shemeji yangu alikuwa akila na Mama sahani moja. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kwa sababu mtu asiye wa kwetu akisikia yaliyotokea hotelini atadhani Mama ana kiburi, na mimi sitaki mtu amfikirie hivyo.

Shemeji ni mtu wa Tanga. Alikuja Kasulu angali kijana, akafungua duka la vipuri vya pikipiki, akampata mdogo wangu, wakaanza kuishi pamoja bila mahari wala harusi. Mama alinuna weee, mwisho akachoka kununa. Jumapili shemeji alikuwa akipanda pikipiki yake kuja nyumbani Makere, hata zile siku ambazo mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu. Mama mzazi wa shemeji alifariki yeye akiwa mdogo sana, hamkumbuki hata sura. Nadhani alichokuwa akikifuata Makere ni hicho, ingawa mwenyewe alisema anafuata sombe, kisamvu cha kwetu.

Mama alipika ugali wa muhogo na sombe iliyokolea mawese, na shemeji akipitia sokoni alikuja na migebuka. Hapo ndipo vita vilipoanza. Wote wawili walipenda kichwa cha samaki, na Mama hakuwa mtu wa kuachia kichwa kirahisi. Shemeji alimsubiri ageuke kuchukua chumvi, akakidaka. Mama akampiga kofi la mkononi, "Wewe mwizi, rudisha!", na yeye huku anacheka na mashavu yamejaa. Mimi nafundisha Kibondo, nilikuwa nikiwakuta hivyo kila nikija likizo, na kusema kweli niliwaonea wivu. Mimi mwanawe wa kuzaa sikuwahi kumwibia Mama kitu akacheka namna ile.

Sasa kwetu Waha, mahari ikishapokewa, mambo yanabadilika. Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Huyo mwanamume hatakiwi kumwona akitafuna, na yeye vilevile hamtazami mkwe akila. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na mama anayeivunja majirani watasema bintiye hakuolewa, ametembelewa tu. Miaka yote ile Mama alikuwa huru kula na shemeji kwa sababu bado hakuwa mtu wetu. Alikuwa kijana anayekuja Jumapili.

Basi shemeji akaleta mahari. Baba mdogo na wazee wa ukoo walipokea mchana, wakashukuru, pombe ya ndizi ikanywewa, Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Na shemeji, kwa furaha yake, akatangaza kuwa jioni hiyohiyo anatupeleka sote mjini kula kwenye ile hoteli mpya ya ghorofa, ile yenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu waliofunga tai. Alishalipia meza. Alitaka kumsherehekea Mama.

Katika siku zote ambazo angeweza kumpeleka kula, alichagua siku ileile ambayo alikuwa amejifungia mlango. Na hakuna aliyemwambia. Mdogo wangu alidhani Mama angelegeza kwa usiku mmoja, maana tuko mjini na hakuna jirani. Baba mdogo alidhani mdogo wangu ameshamweleza mumewe. Mimi nilidhani hoteli kubwa kama ile haitakosa chumba cha pembeni. Mama mwenyewe angeanzaje? Jambo hilo mama mkwe hamwelezi mkwe kwa kinywa chake. Alivaa kitenge chake kipya, akapanda gari.

Meza ilikuwa moja, ndefu, na shemeji alimvutia Mama kiti katikati, uso kwa uso na chake. Mama akakaa upande, bega likimwelekea, akajifunika kitenge hadi shavuni. Supu ikaja, ikapoa. Ikaja pilau, akaja kuku wa kuchoma, na yule mhudumu akawa anainama kumuuliza kama chakula kina tatizo. Mama anamjibu, "Hapana mwanangu, ni kizuri sana," na macho yake yako kwenye pazia. Mdogo wangu alimminya goti chini ya meza. Nilimwona. Mama hakutikisika.

"Mama anaumwa?" shemeji aliuliza.

"Amechoka tu," akajibu mdogo wangu haraka.

Kisha shemeji akanyanyuka, akaingia jikoni mwenyewe. Pale hotelini samaki huletwa minofu mitupu, kumbe alishaongea na mpishi tangu asubuhi. Akarudi na sahani ndogo, juu yake kichwa cha mgebuka kimekaangwa vizuri, na ndimu pembeni. Akaizunguka meza yote, akakiweka mbele ya Mama kwa mikono miwili.

"Leo siibi, Mama," akasema. "Leo chote chako."

Mama alikitazama kile kichwa, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Hakumtazama shemeji. Akasema taratibu, "Urakoze, mkwe wanje," yaani asante mkwe wangu, na ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. Siku zote alimwita mwanangu. Kisha akainuka, akatoka nje, akaenda kukaa ndani ya gari.

Baadaye mhudumu alikuja kuondoa vyombo. Akauliza kama hiki kichwa afunge twende nacho. Shemeji akasema hapana, aondoe tu.

Jumapili iliyofuata hakuja Makere, wala iliyofuatia. Mama alipika, akafunika, akakaa anasikiliza pikipiki zinazopita barabarani. Nilipokuja likizo na kukuta hali hiyo nilikasirika, nikamkasirikia kila mtu, nikachukua bodaboda moja kwa moja hadi dukani kwa shemeji. Nilimkuta amekaa katikati ya minyororo na matairi. Nikamweleza yote: mila, mahari, sahani, kwa nini Mama alikaa upande. Nikamwambia kwamba jioni ile Mama alimpa heshima kubwa kuliko aliyowahi kumpa mtu.

Alicheka. Alicheka kwa sauti, akajipiga paja, akasema jamani si mngeniambia. Halafu kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo, dada, zile siku alizokuwa anakula na mimi, mimi nilikuwa nani?"

Nilikuwa na la kumjibu. Nilitaka kumwambia kuwa alikuwa mtoto wake. Lakini wateja waliingia wakitafuta plagi, na mpaka leo sijamwambia, na hilo linaniuma.

Alirudi Makere, hilo nashukuru. Hana kinyongo, tena amejifunza vizuri kuliko sisi tuliozaliwa humu. Akifika anakohoa uani ili Mama ajue, anavua viatu, anaingia sebuleni. Mama yuko jikoni. Wanasalimiana kupitia ukutani, wanaulizana habari za mvua na za biashara, wanataniana kidogo. Chakula kikiiva chungu kinagawanywa mara mbili. Baba alishafariki, sisi tumetawanyika, kwa hiyo mara nyingi nyumba nzima ina watu wawili tu, na kila mmoja anakula peke yake. Majirani wanamsifu Mama. Wanasema huyu kweli ana mkwe.

Mwezi uliopita nilikuwepo, nikawa mimi ndiye wa kubeba sahani. Shemeji alikuwa amekuja na migebuka. Mama alipakua, akachagua kichwa kikubwa, akakiweka juu ya ugali wa shemeji, akanipa nipeleke. Nikapeleka. Shemeji akakitazama, akakitoa kwa vidole viwili, akakiweka kwenye kisahani.

"Mrudishie Mama. Kichwa ni cha mkubwa."

Nikarudi nacho jikoni. Mama alikuwa ameshanawa, amekaa kwenye kigoda, anasubiri. Alikipokea. Alikaa nacho mapajani, huku tukimsikia shemeji kule sebuleni akila polepole, kwa adabu.

"Zamani angeniibia," akasema.

Nikamwambia ale, kitapoa. Akanijibu kwamba hana njaa, akakifunika na sahani nyingine, akaniomba nikienda kuchukua vyombo nitazame kama shemeji amemaliza ugali wake wote.