Vikapu vya Pasaka Vilivyopanda Mwanda

Nakumbuka Jumapili moja ya Pasaka kule kwetu Mwanda, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka moyo huniuma. Nilikuwa bado kijana. Ndoa ilikuwa imenishinda, nimerudi kwa mama na watoto wangu wawili, na unajua vile binti aliyerudi nyumbani hutazamwa.

Siku hiyo kaka yangu Nyambu, aliyekuwa na kazi nzuri Voi, alipanda milima na mkewe na watoto wao wawili. Waliposhuka garini wakatoa vikapu viwili vya Pasaka, vile vya supamaketi vilivyofungwa kwa karatasi inayong'aa: peremende, chokoleti za umbo la yai, kigari, mwanasesere. Wakawapa watoto wao pale pale uani, wangu wakitazama. Binti yangu Wakesho, hata shule alikuwa hajaanza, akanyoosha mikono.

"Mjomba, yangu iko wapi?"

Mke wa kaka akacheka. "Mwambie babako akununulie."

Mtoto mdogo vile, jamani! Nilimeza hasira nikanyamaza, maana nilikuwa nakula kwa mama.

Mama hakunyamaza. Alikuwa jikoni akiponda kimanga cha mihogo na maharagwe, na kwetu watoto wa boma moja hula kimanga kwenye sinia moja, hakuna cha huyu wala cha yule. Akatoka na sinia tupu, akaiweka chini.

"Nyambu, mwaga hivyo vikapu hapa. Watoto wote wale."

"Mama, hizi nimenunulia watoto wangu. Mimi siwezi lea boma yote."

"Sijakuambia ulee. Nakuambia usimpe mmoja mwenzake akiona. Kama hazitoshi, ungeziacha kwako."

Kaka aliona ameaibishwa mbele ya mkewe. Akawarudisha watoto garini na vikapu vyao, wakaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Mama alidhani angerudi Krismasi. Hakurudi. Kila akipigiwa simu alikuwa na kazi, mwaka baada ya mwaka, kazi tu. Mama alizeeka akiuliza habari za wajukuu wa Voi.

Juzi juzi tulimzika. Watoto wa Nyambu walikuja, watu wazima sasa, wakaketi na wageni hemani. Wakesho akawapelekea chakula. Mmoja akamshukuru vizuri, kwa heshima zote, kisha akamuuliza, "Na wewe, ulimjuaje marehemu?"

Nyambu alisikia, akainamisha kichwa. Sikumhurumia, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe.

Basi sikiliza, wewe unayejiandaa kwenda nyumbani Pasaka hii. Mnunulie mtoto wako unachotaka, hakuna wa kukukataza. Lakini ukifika kwenye boma lenye watoto wengine, fungua kikapu ugawe, hata kama kila mmoja atapata peremende moja na kigari watakipokezana. Ukiona huwezi, kiache kwako, mpe wako mkiwa wenyewe. Usimwambie mtoto wa mwenzio neno la kumkumbusha asichonacho. Na mama yako akikurekebisha mbele ya watu, nuna ukipenda, lakini kaa ule chakula chake.

Mungu akujalie uzee wenye kelele za wajukuu wengi, mwanangu, na akuepushe na ukimya ule wa Voi aliokufa nao mama yangu.