Gereji ya Mjomba na Mafiga ya Bibi

Nimejenga gereji ambayo mtu akiingia na gari hawezi kushuka. Naam, umesoma vizuri. Nilipima gari langu urefu na upana, nikaongeza nafasi ya meza ya spana, nikamkabidhi fundi vipimo kwa majivuno ya mtu aliyefaulu hesabu kidato cha nne. Jambo moja tu lilinitoka: kwamba gari lina milango, na milango hufunguka kwa nje. Siku ya uzinduzi nimeingia kwa madaha, mke wangu nje anapiga vigelegele vya kejeli, nimezima injini, nasukuma mlango, unagonga ukuta. Nasukuma wa pili, unagonga meza ya spana. Ningeweza kurudisha gari nyuma nikashukia uwanjani kama watu, lakini hapo ningekuwa nimekiri. Kwa hiyo nilitambaa juu ya viti nikatokea kwenye mlango wa mizigo, kichwa kwanza. Jirani yangu wa hapa Tabata, mstaafu ambaye kazi yake duniani ni kuegemea ukuta wangu na kutazama, alitazama mpaka mwisho.

Nikiwa pale chini nimeshika goti ndipo nilipomkumbuka mjomba wangu. Nilimcheka miaka yote hii. Kumbe damu haichujwi kwa kitambaa.

Kama ulikulia Kariakoo sina haja ya kukueleza nyumba yetu. Kama hukukulia, shika hivi: baraza mbele, ukumbi mrefu wenye giza katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kabisa uani, ambako ndiko watu walikokuwa wakiishi. Vyumba vilikuwa vya kulalia na kufungia sukari isionekane. Uani kulikuwa na kisima, kamba za kuanikia nguo za wapangaji, na kibanda cha madebe yaliyopasuliwa, jiko la Bibi, mama wa mama yangu. Alfajiri niliamshwa na mchi ukitwanga mchele uliolowekwa tangu jana. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi, nimekalia mbuzi huku nasinzia, na kila nikisinzia naacha kipande cha kidole kwenye meno yake. Kisha mafuta yanachemka, iliki inapanda, kitumbua kinaanza kuvimba na kulia ndani ya karai. Jua likitoka, beseni liko kichwani mwangu, natembeza Mtaa wa Msimbazi. Kwa vitumbua hivyo tulikula, tukavaa sare za shule, na Mjomba akavuta sigara.

Mjomba alikuwa mtunza stoo katika karakana ya shirika moja la umma. Sijawahi kusikia kwamba alilala chini ya gari hata mara moja, ila kutwa alitembea na spana mfukoni mwa shati, mahali ambapo wengine huweka kalamu. Siku moja akatangaza kwamba atajenga gereji uani. Kubwa. Mafundi wa mtaa wa Gerezani watakuja kujifunza, alisema.

Mipango ilifanyika barazani, na nakuapia sijaona bunge lenye kelele nyingi na akili chache kama lile. Walikuja watu wazima na kanzu zao, na wengine na suruali zao za ofisini, wakanywa kahawa, wakatafuna kashata, wakachora ukutani kwa mkaa wa Bibi. Huyu anataka mlango wa kukunja, yule anataka shimo lenye ngazi ili fundi asimame chini ya gari kama anayehutubia. Na Mjomba alihutubia kweli.

"Ndugu zangu, hii itakuwa karakana ya umma wa mtaa huu."

"Na kufuli?" aliuliza muuza kahawa.

"Kufuli nitashika mimi. Kwa niaba ya umma."

Wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Hata mtu mmoja asiulize gari liko wapi! Gari la Mjomba lilikuwa juu ya mawe huko Gerezani, halina injini, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Miaka ile petroli yenyewe haikuwapo, na Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani. Katika mji wa namna hiyo mjomba wangu alikuwa akijenga makazi ya gari.

Swali la njia, sitawaonea, waliliuliza. Nyumba zilitubana kushoto na kulia. Njia pekee ya gari kufika uani kwetu ilikuwa kuvunja ukuta wa nyuma na kupitia uani kwa nyumba ya pili, yenye geti pana upande wa mtaa mwingine. Bahati nzuri, mwanamume wa nyumba ile, fundi cherehani, alikuwa palepale barazani na kikombe chake.

"Pita tu, ndugu yangu," alisema. "Kwani gari lina ubaya gani?"

Wakapeana mikono. Kahawa ikazunguka tena.

Baada ya hapo Mjomba akaja uani, akasimama mbele ya karai. "Mama, kibanda kitaondoka wiki hii. Utapikia nje barabarani kwa muda."

"Mgambo je?" Bibi aliuliza. Mgambo wa jiji walikuwa wakimkuta mwanamke anakaanga kando ya barabara wanapiga karai teke, na Bibi alikuwa na karai moja.

"Mama, hapa tunazungumzia maendeleo."

"Haya, baba," Bibi akasema, akageuza kitumbua.

Nilimkasirikia Bibi kwa ile "haya" yake. Mimi niliyeona mafuta ndiyo yanatulisha nilitaka apige kelele, aangue kilio, alaani. Badala yake kila alfajiri alibeba mafiga yake matatu mpaka ukingo wa barabara, akakaanga huku jicho moja likitazama kona. Mara mbili tulikimbia, yeye na karai la moto, mimi na beseni, na siku hizo tulikunywa uji mtupu. Akikamatwa na karai limekwenda, hakuna wa kutulisha. Hilo nililijua mimi mtoto. Wazee wa barazani walikuwa wakijadili rangi ya mlango.

Saruji ilitoka kwa kibali, mabati kwa kumfahamu mtu anayemfahamu mtu. Mchanga tulibeba kwa ndoo kupitia ukumbini, na wapangaji, ambao kamba zao sasa zilikuwa zimehamia humohumo, walipita wakipigwa makofi na mashati mabichi. Lakini niseme kweli: gereji ilipendeza. Sakafu ya zege laini kama sahani. Bati jipya. Dirisha la wavu. Meza ya mninga yenye jiliwa, ile ya kubania vyuma. Shimo lenye ngazi. Ilimeza ua wote, isipokuwa kisima.

Siku ya kuvunja ukuta wa nyuma bunge zima lilihamia uani. Fundi cherehani mwenyewe alikuwa na nyundo. Wakapiga, tofali likaanguka, vumbi likatulia, na upande wa pili tukamwona mke wake. Amekaa juu ya kigoda, katikati kabisa ya njia, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Shemeji, sogea kidogo," Mjomba akasema. "Vumbi."

"La nini?"

"La njia. Tulishakubaliana na mumeo."

Mwanamke akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa miguuni kwa mumewe. "Baba, umewapa njia?"

Fundi cherehani akaitazama nyundo kama vile ameiokota. "Nilisema... wapite tu."

"Wapite kwa nani? Huyu alikuja hapa na cherehani na kandambili. Nyumba kaniachia mama yangu. Nani kati yenu hajui?"

Wote walijua! Mtaa mzima ulijua ile ni nyumba ya mwanamke. Lakini barazani kwetu nyumba ilikuwa ya mwanamume aliyekaa hapo na kikombe, na mwenye nyumba wa kweli hakukaa barazani, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuzunguka hadi mtaa wa pili akamuulize.

"Nirudishieni tofali langu," akasema, akaendelea na mchele.

Ukuta ulizibwa mchana uleule, kwa saruji ya Mjomba iliyobaki. Kufikia jioni Bibi alikuwa ameshaingiza mafiga. Niambie, nani mwingine Kariakoo yote alikuwa na jiko la zege, bati jipya na dirisha la wavu? Shimo la fundi tulijaza magunia ya mkaa. Nazi nilibana kwenye jiliwa nikazifua bila kuumia. Mgambo wakabaki na barabara yao.

Bibi na yule mwanamke walikuwa wakipitishiana chumvi na umbea juu ya ukuta ule kila siku ya Mungu. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, ulijua tangu mwanzo?"

Akanipa kitumbua cha kwanza, kile cha kuonja chumvi. "Mimi niliulizwa?"

Mjomba alibaki barazani akisema gereji inasubiri awamu ya pili. Alisubiri na spana yake mfukoni mpaka akazeeka, na hakuna aliyekula vitumbua vya gereji ile kama yeye.

Wote wamekwenda. Juzi nilipita pale kununua taa ya gereji yangu. Kuna ghorofa, maduka ya vifuniko vya simu, na chini ya ardhi maegesho. Gari linashuka moja kwa moja hadi pale palipokuwa na mkaa wetu. Kwa hiyo magari yamefika, Mjomba, na hakuna kitu kinachonukia. Nilisimama mlangoni nikivuta pumzi kama mjinga kutafuta iliki, nikapata moshi, na mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Jirani yangu nilimsimulia yote haya, yeye akiwa palepale ukutani kwangu, mimi nikisugua goti. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka. Kisha akaitazama gereji yangu, kutoka bati hadi msingi, akasema:

"Sasa unahangaika nini, mzee mwenzangu? Weka mafiga."