Siku Niliyokwea Mnazi Mbele ya Wanafunzi Wangu

Kuna uchochoro mmoja Kisauni ambao mpaka leo siupiti saa za alasiri, nazunguka mbali kama mtu anayekwepa mbwa, na mkijua sababu msinicheke sana, kwa maana mtu mzima na heshima zangu, mwalimu wa Kiingereza, shati limepigwa pasi, nilionwa pale na wanawake wapatao ishirini nikiwa juu ya mnazi, macho nimeyafumba, kiatu mguuni kimoja. Naona haya hata kuandika, lakini watu wameshaanza kuisimulia habari hii kwa chumvi zao, basi afadhali mnisikie mwenyewe.

Mimi nafundisha Kiingereza watu wazima katika kituo kimoja pale Magogoni, hukohuko Kisauni, saa tisa mchana, wanafunzi kumi na mmoja. Yupo Mama Riziki anayeuza viazi karai, yupo kijana anayetaka kazi ya airport, na yupo Kahindi, mgema wa kutoka Mwakirunge, mtu wa umri wa baba yangu mdogo, ambaye alisikia kuna hoteli inatafuta mtu wa kukwea na kupogoa minazi yake ila mahojiano ni ya Kiingereza. Miezi mitatu Kahindi alikuja kila siku, daftari lake safi, na miezi mitatu hakutoa sentensi nzima. Wala wenzake. (Nilikuwa nimeweka sheria kwamba Kiswahili unakiacha mlangoni pamoja na ndala, nikidhani ndio ukali wa mwalimu, na wao wakaitii vizuri sana kwa kunyamaza.) Basi Madam anayesimamia kituo, mama wa bara, mwepesi wa maneno na wa maamuzi, akaniambia Alhamisi atakuja kusikiliza, na asiposikia watu wakizungumza, chumba atawapa mafundi cherehani na darasa langu litakuwa limekwisha.

Jumatano nikafungua kitabu, somo la siku hiyo ni kuzungumzia mambo ya hatari uliyowahi kuthubutu na mambo magumu uliyoyapitia, na picha zake ni Mzungu anaruka kutoka kwenye ndege na mwingine yuko kwenye mlima wa barafu. Nikauliza nani hapa amewahi kufanya jambo la hatari. Mama Riziki akatazama dirishani kama aliyeitwa huko. Nikaona niwape mfano wangu, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, kwa sababu mfano sikuwa nao, mimi hatari kubwa niliyowahi kuifanya ni kula maembe mabichi asubuhi ya mtihani, na ningesema hilo, leo ningekuwa napita uchochoro ule kichwa juu. Badala yake nikawaambia, kwa Kiingereza cha mbwembwe na mikono ikienda hewani, kwamba tangu utotoni nakwea minazi bila kamba, upepo unavuma, nafika kileleni na nashuka na madafu mawili. (Taa ya sebuleni kwetu ikiungua hubadilisha dada yangu, mimi nashika ngazi.) Darasa zima likainua macho, nami nikanogewa, nikaongeza na siafu.

Nilichosahau, katika sifa zile, ni kwamba mwenye kazi yake alikuwa ameketi hatua mbili mbele yangu. Kahindi alinisubiri mlangoni baada ya kipindi, pale Kiswahili kinaporuhusiwa, akaniuliza minazi hiyo mirefu kiasi gani. Nikamjibu mirefu tu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia hakujua kama mwalimu ni mwenzake. Nikaenda nyumbani nikiwa nimevimba kichwa.

Alhamisi ikafika. Madam akaketi nyuma na kalamu yake, mimi nikauliza swali la kwanza, kimya, la pili, kimya, jasho likaanza kunitoka mgongoni na shati langu la pasi likanata. Kahindi akaniona, akanihurumia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akasimama mwenyewe, akanyoosha kidole dirishani akasema maneno matatu ya Kiingereza: mwalimu, kukwea, mnazi. Alitaka kuniokoa, masikini. Madam akaruka kwenye kiti kwa furaha, akasema hilo ndilo somo la vitendo analolitafuta siku zote, twendeni nje, mwalimu apande na wanafunzi waeleze wanachokiona.

Nje, kwenye uchochoro ule, upo mnazi mmoja kando ya ukuta wa ua wa jirani, umechongwa vidato, yale matobo ya kukanyagia tangu chini mpaka juu. Nilikuwa na nafasi ya kusema mgongo unaniuma. Nikakunja suruali. Kahindi akavitazama viatu vyangu akataka kusema neno, akaniheshimu, akanyamaza. Nikapanda, na jamani niseme kweli, ilikuwa raha, kidato cha kwanza, cha pili, cha tano, moyo unadunda, nyuma yangu nasikia sauti kwa Kiingereza zinasema juu zaidi, juu zaidi, nikajiambia kumbe naweza, kumbe miaka yote hii nilikuwa najinyima, nikapita ukuta, nikageuka niwapungie mkono.

Sasa, mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba mkwezi hagusi mti kabla hajapiga ukelele majirani wajue kuna mtu anapanda, ili wanawake walioko uani wajisitiri. Mimi nimezaliwa hapa na najua. Lakini anayewaza sifa hakumbuki adabu, na upande wa pili wa ukuta siku hiyo kulikuwa na bibi harusi anasingwa, yaani anasuguliwa mwili kwa manukato, amezungukwa na kinamama na wasichana, nywele nje, kanga kifuani, sinia za singo na asumini katikati, na mmoja wao akainua kichwa.

Mayowe yale nadhani yalifika Bamburi. Ikaja ndala, ikaja kata ya maji, nami kwa adabu zilizonirudia zimechelewa nikafumba macho papo hapo. Nilipoyafumba ndipo nilipokumbuka niko wapi. Mguu ukatafuta kidato ukakikosa, kiatu cha kushoto kikanivuka kikaangukia kwao, katikati ya sinia (nilisikia mlio wake), na mimi nikaukumbatia mnazi kwa mikono na mashavu. Halafu ikapanda sauti ninayoijua tangu nikiwa mchanga, ya shangazi yangu, mkubwa wa shughuli zote za harusi pale mtaani.

"Twalib! Wafanya nini huko yuu?"

"Naam, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, kwa mazoea, kisha akaona anajibu salamu ya mtu wa namna gani. "Shuka tini, mwana mtovu wa haya."

Ningeshuka vipi? Nikifumbua macho, huku kuna bibi harusi na kule kuna kifo. Kahindi ndiye aliyepiga ule ukelele ambao ningeupiga mimi, akawaomba radhi kinamama, wakaingia ndani wakifoka, lakini macho yangu yakawa yamegoma kabisa, hata niliposikia ua uko kimya hayakufumbuka. Ndipo nikamsikia anapanda chini yangu. Akanishika kifundo cha mguu na kuanza kuniongoza, mguu wa kushoto, teremsha, polepole, usiogope, nimekushika, na ilinichukua vidato vitatu kugundua kwamba maneno yote yale alikuwa akiyasema kwa Kiingereza. Tulikuwa katika kipindi, na sheria yangu aliishika hata juu ya mti. Na huko chini wenzake nao walikuwa wamefunguka, wanabishana mwalimu ataanguka au hataanguka, kijana wa airport anataka kuleta godoro, Mama Riziki anamweleza Madam kwamba mwalimu alikuwa akipanda wakati alipowaona wale kinamama, sentensi imenyooka, nyakati zote mahali pake, na mimi, nimelowa, nimekumbatia mti, nikajikuta nafurahi.

Nilipokanyaga mchanga nikaketi hapohapo. Madam akamgeukia Kahindi, akamuuliza kwa Kiingereza kama hilo ndilo jambo la hatari kuliko yote aliyowahi kufanya. Kahindi akafikiri kidogo, akajibu taratibu, neno moja baada ya jingine, kwa Kiingereza vilevile.

"Hapana. Kukwea ni kazi yangu. Jambo la hatari ni hili, kuongea hivi mbele ya watu, nami ni mzee. Miezi mitatu naogopa."

Mimi niliona aibu kuliko ile ya juu ya mti, na hii ilikuwa aibu ya haki, maana nilikuwa nimetafuta hatari kwenye picha za ndege na barafu, kumbe watu kumi na mmoja waliithubutu kila saa tisa mbele ya macho yangu, na sheria yangu ndiyo iliyokuwa ikiwazidishia hofu.

Chumba tukaachiwa. Shangazi alinishika mkono akanipeleka kuomba radhi nyumba ile, mlangoni tu, nikitazama chini, nikarudishiwa kiatu kimejaa singo mpaka kwenye kidole, na nikala kiapo mbele yake kwamba sitajisifia tena mbele ya wanafunzi jambo nisilolifanya, na mti wowote mrefu kuliko mimi nitautazama nikiwa chini.

Jumatatu niliifuta ile sheria ya mlangoni, nikafunga kitabu, nikawaambia leo tutazungumzia tunayoyaogopa, kwa lugha yoyote, kisha tutayatafutia Kiingereza chake pamoja. Nikaanza mimi: naogopa kwenda juu, na namwogopa shangazi yangu. Mikono kumi na mmoja ikanyooshwa kwa pamoja, na wa Kahindi ulikuwa wa kwanza.